Aliyoyasema Profesa Kule Keza

Biharamulo,
Ziwa Magharibi.

Mke wangu Zaina, Mama Rukia,

Naomba barua hii ikukute mzima wewe na Rukia, na kikohozi cha mama kiwe kimeachia. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, na mtu akikwambia nimenenepa usimwamini. Kuna dereva mmoja wa huko kwetu Kilosa alipita hapa na msafara wa jeshi, akasema atakusalimia, lakini alivyokuwa anaichunguza nyumba yangu sikumpenda.

Barua yako nimeipata. Ilikuwa fupi. Sisi wazima, Rukia anasoma, mvua zimeanza, halafu jina lako na la baba yako, utadhani unamwandikia afisa elimu. Niligeuza karatasi nyuma nione kama kuna kitu, hakuna. Nilikuomba uje tukae wote huku, hukusema ndiyo wala hapana. Sababu naijua, ni Idi, marehemu wetu. Mpaka leo unaamini kwamba nilipokuwa ng'ambo nasomea ubingwa nililetewa habari mwanetu ana surua, nami nikasema nimalize mtihani kwanza. Nimekuapia mara ngapi kwamba sikuambiwa kitu mpaka mtihani ulipokwisha na mtoto ameshazikwa? Hukuniamini. Sasa kuna jambo limetokea Keza, huko wilaya ya Ngara, ndiyo maana nimekaa kukuandikia barua ndefu. Isome kwa mpangilio. Nakujua, utataka kukimbilia mwisho.

Kwanza ujue nilivyoletwa huku, maana nilikuficha nusu. Baada ya kutoka ng'ambo, tulipomaliza mafunzo chini ya Profesa, mkuu wetu wa idara, tulikuwa wawili, mimi na Dokta Alfani, na nafasi ya mhadhiri katika idara ya watoto ilikuwa moja. Profesa akatuita, akasema wote tutapata. Alfani abaki wodini Dar es Salaam, mimi nije Biharamulo mwaka mmoja, nizunguke na wanafunzi wa udaktari katika vijiji vya Biharamulo na Ngara, nifanye utafiti wa vifo vya watoto, kisha nirudi nithibitishwe kazini. Alisema huku akitabasamu. Wenzangu idarani wakanipongeza haraka mno, na Alfani akaja mwenyewe kunisaidia kufunga mizigo. Tangu lini Alfani akabeba sanduku la mtu? Vita vilikuwa vimeshaanza, redio inamtaja nduli asubuhi na jioni, na mimi ndiye natumwa mkoa ule ule wenye vita. Nikasema moyoni, hapa nimeuzwa.

Halafu kazi yenyewe. Miaka yote hiyo nimefundishwa kumtibu mtoto, lakini hakuna aliyenifundisha kufundisha. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wanafunzi watatu nikawasomea madaftari yangu ya ng'ambo, nao wakaandika tu. Mmoja wao anaitwa Adelina, binti wa Kasulo, huko huko Ngara, anakijua Kihangaza, lugha ya kule, kwa kuwa ndicho alichonyonya. Nilimshuku naye. Kila nikisema jambo anatazama pembeni, nikadhani amewekwa anipelekee habari Dar.

Gari tulilopewa lilichukuliwa na jeshi, kwa hiyo kwenda Ngara ni kudandia lori la mizigo kupita pori refu, na ukishuka ni miguu. Keza ni kijiji cha ujamaa. Watu walitolewa kwenye migomba yao milimani wakapangwa mstari kando ya barabara, na migomba hapo bado michanga. Tulianza nyumba kwa nyumba. Umezaa wangapi? Walio hai wangapi? Mnalala wangapi chumba kimoja? Walitujibu kwa adabu zote, na walitudanganya wote. Nyumba yenye kandambili tano za watoto mlangoni, mama anasema hana hata mmoja.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Gervas, alitukaribisha kwake. Alijua mimi Mwislamu, akaagiza maji matamu ya ndizi yasiyolevya. Kibuyu kilipoletwa akavuta yeye kwanza kwa mrija, akameza, kisha akanisogezea. Zaina, unanijua. Nikaona mzee ananipa makombo yake mbele ya wanafunzi wangu. Nikasema asante, nimeshiba. Toka hapo hata mlango mmoja haukufunguliwa.

Njiani Adelina ndiye aliyenieleza, tena bila kunitazama. "Mwalimu, kwetu anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, ujue hamna sumu. Ukikataa alichokwisha kuonja umemwita mchawi." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Hukuwa unatuuliza, mwalimu. Ulikuwa unatusomea."

Kesho yake nilirudi, nikaomba kile kibuyu mwenyewe, nikanywa mpaka Mzee Gervas akacheka. Lakini kina mama hawakulegea. Nilikuwa na klorokwini ya maji ya watoto wenye homa, wakakunja mikono. Nikaelewa. Nikajimiminia kijiko mbele yao nikanywa. Unaujua uchungu wake, uso ulinikunjamana wakaangua kicheko, na watoto wakaanza kutokea hata kwenye nyumba zisizokuwa na mtoto.

Nikadhani yamekwisha, nikafungua daftari. Mama mmoja, Mama Skola, mwanamke mrefu asiyemwogopa mtu, akaniambia, "Dakitari, na maswali nayo uyaonje kwanza."

"Nayaonjaje?"

"Maswali haya haya tuliulizwa kabla ya kuhamishwa. Wangapi, mnalala wapi, mna nini. Tukajibu. Halafu wakaja kubomoa. Wewe jibu kwanza, tukusikie."

Ningeweza kuondoka. Lakini utafiti ungekufa, na bila utafiti sithibitishwi. Basi nikajibu. Nimezaa wawili. Aliye hai ni mmoja. Wakauliza yule mwingine alikufa kwa nini, nikasema surua. Mama Skola akasema, "Na wewe dakitari wa watoto ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa ng'ambo nasoma, na hakuna aliyeniambia mpaka alipokwisha kuzikwa. Sijawahi kuyasema hayo mbele ya watu, hata mbele ya mama yangu sijayasema hivyo. Mama Skola akasema, "Pole. Mimi wanne, wawili wapo. Andika." Baada yake wakasema wote, na safari hii ilikuwa kweli, nilijua kwa jinsi walivyokuwa wanasita.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita Profesa alikuja. Alikuwa anakwenda Bukoba kuangalia majeruhi, akapitia huku, akataka nimpeleke kijijini akapige picha. Ndani ya gari akanipa habari njema, kwa maneno yake. Nirudi Dar mwezi ujao, nathibitishwa kuwa mhadhiri, na nije na takwimu zangu zote tuandike makala. Nikauliza jina la nani litatangulia kwenye hiyo makala. Akacheka, akasema hayo ni mambo madogo. Nikauliza Alfani yuko wapi. Akasema Alfani amechukuliwa na jeshi, yuko mstari wa mbele, wodi haina mtu. Basi nikaelewa wema umetoka wapi. Na nikamwonea haya Alfani, maana siku zote nimemhesabu kuwa ndiye aliyenisukuma kwenye vita, kumbe ni yeye aliyeko huko.

Tulipofika Keza, kina mama walikuwa wamekaa kwa Mzee Gervas wakisubiri dawa. Profesa akapewa kibuyu, akanywa vizuri, anajua kukaa na watu. Mama Skola akaniuliza, "Huyu ndiye mkubwa wako?" Nikasema ndiye. "Basi naye ajibu." Profesa akafurahi. Akasema ana watoto sita, wote hai, wote wanasoma. Wakampongeza. Halafu Mama Skola, huku anamnyonyesha mwanawe, akamuuliza, "Na mtoto wa huyu dakitari wetu alipougua, mbona hamkumwambia?"

Nilijua atakataa. Nilimtazama nione atakavyokataa, maana siku ile nilipomuuliza mimi, baada ya wewe kuniambia kwamba maneno yale ya mtihani uliyasikia kwake, alinijibu kwamba mwanamke mwenye msiba husikia mengi. Hakukataa. Akaweka kibuyu chini akasema, na haya ndiyo maneno yake, nimeyaandika siku ile ile yasije yakanipotea:

"Mkewe alikuja ofisini kwangu analia. Nikamwambia, mumeo amesema amalize mtihani kwanza. Ningefanya nini? Ningempigia simu angeacha kila kitu akarudi. Surua ile ilishafika kifuani, mtoto angekufa vilevile, na bingwa tusingempata. Leo wanenu wangetibiwa na nani?"

Alisema kwa fahari, Zaina. Kisha akanigeukia kama mtu anayengoja shukrani.

Adelina alikuwa anawatafsiria wasiojua Kiswahili. Alipofika hapo akanyamaza. Mzee Gervas akamwambia, "Sema yote," naye akayasema. Mama Skola akainuka, akamfunga mwanawe mgongoni, akaondoka bila dawa, na wenzake wakamfuata. Tukabaki sisi na kibuyu.

Nilitaka kumpiga. Nakuambia kweli, mkono ulikuwa umeshajikunja. Nikamwambia, "Nilikuuliza, ukasema mke wangu amesikia vibaya."

"Ulikuwa bado mwanafunzi," akasema. "Nilikuwa nakujenga. Mwalimu lazima ajue cha kumwambia mwanafunzi na wakati wa kumwambia. Na wewe utajifunza."

Akapanda gari lake akaondoka. Atakaporudi kutoka Bukoba anataka jibu langu. Tulipokuwa tunarudi na wanafunzi, Adelina akaniuliza, "Mwalimu, na wewe kuna kitu unatuficha kwa faida yetu?" Nilikasirika, kisha nikaona ana haki. Nikawaambia matokeo yao ya mitihani, ambayo niliagizwa niyashike mpaka mwisho wa mwaka, nikawaambia na nani amependekezwa kurudia. Mmoja alilia. Lakini sasa wananiuliza maswali, na Adelina hatazami tena pembeni.

Jibu langu kwa Profesa ni hili: sirudi chini ya mkono wake. Nitaomba nibaki huku kama mwalimu wa vijijini, na chuo kisipotaka, hospitali ya wilaya haijapata kumkataa daktari. Uhadhiri nilioutaka toka siku nilipovaa koti jeupe utakuwa umeniponyoka. Inauma, sitajifanya haiumi.

Najua utashuku kwamba nimetunga haya ili uje. Mimi ningekuwa wewe ningeshuku. Adelina alitaka aandike mstari wake hapa chini awe shahidi, nimemkatalia. Kama neno langu kwako halitoshi, la binti usiyemjua litafaa nini? Na mimi nilikushuku. Tangu siku ile nilidhani msiba ulikuchanganya ukasikia lisilosemwa, na nilimwamini yule kwa sababu mkate wangu ulikuwa mkononi mwake. Wewe ulisikia sawasawa. Nisamehe, mke wangu. Tumekaa chumba kimoja tukidhaniana uongo, na mwongo alikuwa mtu wa tatu, tena tukimpelekea kuku kila sikukuu.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo, na asiache kunywa ile dawa hata akijisikia nafuu. Msalimie mjomba wa stesheni, na mwalimu mkuu wa shule unayofundisha, na yule jirani anayetuazima kinu. Rukia mwambie baba yake anapanda lori siku hizi. Nimeomba dereva wa misheni akupelekee barua hii mkononi. Ukiona gundi imefunguliwa, niambie.

Kuja au kutokuja ni juu yako, sitakushika mkono. Lakini kuna jambo sijawahi kukuuliza, kwa kuogopa utaona najifanya. Wewe nawe hukuwahi kunieleza, kwa kuwa uliniona baba aliyechagua mtihani. Nieleze sasa. Idi alivaa nini siku ile? Ni nani aliyeshuka naye kaburini? Alikuwa ameshaanza kusema vizuri, nakumbuka. Je, aliniulizia?

Mumeo,
Hamza