Baba, Nilikuhubiria Kabla ya Kukusikiliza

Mpendwa Baba,

Naandika nikiwa Kitengela, kwenye nyumba yetu ileile, na wewe uko Illasit ukilima. Kwa simu tunaongea mambo ya mvua, halafu network inapotea. Acha basi niandike, hata wengine wakisoma ni sawa.

Unakumbuka mwaka ule nilipookoka chuoni? Nilirudi nyumbani nikiwaka moto. Ulikuwa ukitengeneza mageti kwenye kibanda chako kando ya barabara ya Namanga, nami nilikuletea chai pamoja na mahubiri. Nilibandika mistari ya Biblia juu ya mashine yako ya kuchomelea. Mteja mmoja akainama, akasoma, akauliza kama hiyo ndiyo bei ya madirisha. Ulicheka hadi ukashika tumbo. Mimi nilinuna. Niliona unamcheka Yesu.

Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo hukukanyaga kanisa. Sikuwahi kuuliza sababu. Nilidhani ni ugumu wa moyo tu.

Halafu ikaja ile Jumapili. Nilikuja na wenzangu wanne wa kikundi cha maombi bila kukuambia. Tulikukuta ukila muthokoi, mahindi yako ya kukoboa na maharagwe. Tukakuzunguka, tukakuwekea mikono kichwani, na mmoja wetu akaanza kukemea roho ya kutoamini. Uliweka sahani chini polepole, ukasema, "Samahani, watoto wangu," ukatoka.

Wenzangu walipoenda nilikupata kibandani, umekaa juu ya geti ambalo halijaisha.

"Mueni," ulisema, "mama yako aliombewa hivyohivyo, wiki tatu. Alipokufa, mchungaji aliniambia ni mimi sikuwa na imani. Nilikuwa bado na mchanga wa kaburi kwa viatu."

Mistari yote niliyokuwa nayo ikanipotea. "Pole, Baba. Sikujua."

"Hukuuliza."

Nilikaa karibu nawe. Ulifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mwishowe ukasema, "Sasa niambie. Lakini usinisomee. Wewe mwenyewe ilikuwa aje?"

Nikakuambia jambo ambalo hata wale wenzangu hawakulijua. Kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nikijifungia kwa choo cha hosteli nikilia, nikimtaka Mama. Kwamba siku moja kwenye ibada, watu wakiimba, nilihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yangu na hatatoka. Tangu siku hiyo nikaanza kulala vizuri. Basi. Sikuwa na lingine.

Ukasema, "Hiyo naelewa. Nimefurahi hauko peke yako."

Hukuja kanisani Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Lakini nikirudi ulikuwa ukiniuliza, "Leo mmeimba nini?" Nami nilikuimbia huku nikikushikia vyuma. Jumapili zile, Baba, sitazisahau. Nilikuwa na furaha kuliko siku zote nilizokuwa nikikupigia kelele.

Bado nampenda Yesu vilevile. Bado nawaambia watu. Kazini kuna dada mmoja ambaye hataki kabisa kusikia habari za kanisa, na ndiye rafiki yangu wa chakula cha mchana. Ananiambia ya kwake, siku nyingine ananiuliza ya kwangu. Sina haraka naye.

Na wewe, Alhamisi ulinipigia. Ulisema macho yanakusumbua, kesho yake unaenda hospitali Loitokitok kuangaliwa. Halafu ukasema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Unaweza kuniombea."

Nilisema nitakuombea. Lakini simu hukukata. Ndipo nikaelewa unangoja niombe saa hiyohiyo. Nikaomba, kwa ufupi. Nilipomaliza hukusema amina. Ulisema, "Sawa."

Baba, nimetembea na hiyo "sawa" wiki nzima nikitabasamu.

Uniambie daktari alisema nini kuhusu macho. Ubaki salama huko, na uvae kofia jua likiwa kali.

Ni mimi, binti yako,
Mueni