Magugu ya Bustani ya Makumbusho

Mdogo wangu Kapinga, nakusalimu wewe na batoto.

Wazungu wa Kolwezi wamefungua makumbusho ya sanaa, na Jumapili hata sisi weusi tunaruhusiwa kuingia. Penye misalaba ya shaba, fedha ya zamani, iliyoyeyushwa na mafundi wa kale wa kabila la Basanga, wameandika kwamba mtu mweusi aliiona shaba kwa bahati tu. Nilitoka nje nikaenda bustanini, nisije nikatukana. Huko madamu msimamizi alikuwa akimwamuru mtunza bustani, Tata Kalasa, ang'oe maua madogo ya zambarau apande waridi.

"Madamu, maua hii njo ilionyesha batata betu, bazee ba zamani, fasi shaba iko mu udongo. Haioti fasi ingine, ni pa shaba tu."

"Ni magugu. Ng'oa, ao kesho usirudi kazini."

Mzee aling'oa ua moja na mizizi yake, akaingia ndani, akaliweka juu ya kabati la kioo lenye misalaba, watu wote wakitazama. Kisha akarudi bustanini akamkabidhi madamu jembe.

"Panda waridi yako, mama. Udongo wa shaba utaiua."

Kazi hana tena. Leo anakula bukari, ugali wetu, nami, na mimi ndiye niliyeheshimiwa. Wafundishe batoto kusoma, halafu wafundishe kubisha.

Kaka yako akupendaye,
Mukendi