Dada, Mkweo Anataka Kunishika Mikono

Shikamoo, Dada Eliza.

Nimekuamkia, ingawa marahaba yako sitaisikia. Machozi yangu ya mwaka huu umeshayapata, leo pokea hasira. Umeniachia umama wa Rehema, halafu umeondoka bila maelekezo.

Habari njema kwanza. Mwanao amejifungua salama huko Norwei, mtoto wa kike, na amempa jina lako. Atabatizwa Pasaka. Rehema anataka mimi ndiye nimshike mtoto mbele ya mchungaji, pale ambapo ungesimama wewe. Nililia mpaka jirani hapa Utemini akaja kuuliza kulikoni. Tiketi zimeshakatwa, yangu na ya kaka yetu Daudi.

Sasa sikia balaa. Kikanisa chenyewe kiko milimani, kwenye kijiji cha ukoo wa mkweo Jonas, na Pasaka kule bado ni theluji tupu. Gari linaishia njiani. Kuanzia hapo watu wanavaa mbao ndefu miguuni na kwenda kwa kuteleza, hata bibi yake Jonas, kikongwe kabisa. Asiyeweza anakokotwa. Dada, nifike kwa wakwe nikikokotwa kama gunia la alizeti? Ungekubali wewe?

Nikasema basi tutafutiwe mafunzo. Rehema akatafuta. Mahali pa kwanza wanafundisha watoto tu. Pa pili wanapokea watu wazima, ila wawe tayari wanajua kusimama kwenye hizo mbao. Sasa kama najua kusimama, kwao nafuata nini? Wa tatu ni kijana anayefundisha kwa kukimbizana, asubuhi moja tu, utakachoshika umeshika. Na kila nikilalamika naambiwa, "Mama mdogo, utajifunza hukohuko." Hukohuko wapi? Mchungaji akiwa ameshachota maji?

Daudi, unamjua, hakusubiri. Alichonga mbao, akazipigilia katambuga zake za matairi, akanipeleka Ilongero, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, kwenye kile kichuguu kikubwa cha makapi. Makapi yale yana mafuta, yanateleza kweli. Yeye alizama mpaka kiunoni. Mimi nilitua kwa makalio mbele ya wateja wote.

"Jamani, hao wazee wanatafuta nini humo?" mama mmoja akauliza.

"Tunakwenda Ulaya!" Daudi akamjibu kutoka kwenye makapi.

Walicheka mpaka wakakalia magunia yao. Kiuno kinaniuma hadi leo, na kuteleza bado sijui.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vibaya sana. Uliponifundisha baiskeli nilikuwa mke wa mtu, mama wa watoto, na wanawake kisimani walikuwa wanatucheka. Ulishika tandiko ukakimbia nyuma yangu kanga ikikudondoka, unapiga kelele, "Tazama mbele, wewe! Miguu haipotei!" Hukuniharakisha. Hukunifanya mtoto. Mwalimu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta, Dada, na simpati.

Yaani, tulimpata. Mwanamke mstaafu, anafundisha watu wazima tu, polepole, siku nzima. Lakini ana sharti: kila mwanafunzi aje na mtu wake wa nyumbani, amshike mikono huku anarudi kinyumenyume. Rehema ananyonyesha. Daudi naye ni mwanafunzi. Amebaki nani? Jonas. Tena akaniambia kwenye simu kwa furaha, "Mama, nitakushika mikono yote miwili, hutaanguka!"

Nikakata simu. Baadaye nikasingizia mtandao.

Mkwe anishike mikono! Umesahau ulivyomkimbia siku ya harusi? Alikuja amefungua mikono akukumbatie, ukaingia jikoni ukafunga mlango, pilau ikaungua. Maskini akadhani unamchukia, mpaka Daudi alipomweleza kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani, na kwamba kule kukimbia kwako ndiyo heshima yenyewe. Tangu siku ile alikuwa anakusalimia kwa mbali, ameinamisha kichwa, kwa adabu kuliko hata vijana wetu.

Nimeuliza wazee. Mmoja anasema kwanza Jonas atoe mbuzi. Mwingine anasema mwiko wetu hauvuki bahari. Shangazi anasema mwenye kuruhusu ni mama mzazi, na mama mzazi ndiye wewe. Ukiumwa tulizungumza kila kitu: kuku wako, shamba, vitenge vyako aachiwe nani. Hili hukusema! Nimekwenda mpaka kaburini kukuuliza, nikasimama pale kama mjinga, upepo tu.

Nimechoka kusubiri. Jana nilimpigia Jonas. Nikamwambia, "Mwanangu, siku hiyo nitakupa mikono." Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Rehema asingekasirika?"

Dada, mzungu wa watu ndiye aliyekuulizia. Nikalia.

Basi ukikasirika, nikasirikie mimi, kijana mwache. Kwaheri, dada yangu. Nakuahidi, huyo Eliza mdogo hatashikwa na watu wa upande mmoja peke yao. Nitakuwa pale mbele, hata kama nitafika natambaa.

Mdogo wako,
Tabu