Alama Tatu Kwenye Jina la Mkeo

Buswelu, Jumapili alasiri

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila shikamoo. Ungenitazama juu ya miwani mpaka nikumbuke.

Leo imetimia miezi minane tangu tukuzike kule Majita. Nimeandika tarehe kwenye shajara yangu, nikaona siwezi kuendelea na mambo ya leo kabla sijakuandikia wewe.

Darasa letu la kidato cha nne B wamelipaka rangi ya bluu. Dirisha la upande wa ziwa, lile lisilofungika, wameliwekea kioo. Harufu ya dagaa haiingii tena, kwa hiyo wanafunzi wamekosa kisingizio cha kusinzia. Nilipita pale juzi nikachungulia. Kijana anayefundisha Historia ana projekta. Wewe ulichora Ulaya nzima kwa mkono, chaki kulia na kifutio kushoto, na kila ulipofika Ujerumani ulirudi nyuma hatua moja kuitazama kama fundi anayekagua meza.

Unakumbuka siku tulipofungwa na kidato cha nne A? Manne bila. Kesho yake ulitukuta tunampigia kelele Makoye, kipa wetu: "Muuza mechi! Muuza mechi!" Ukauliza, "Mmefungwa ngapi?" Tukajibu kwa pamoja, "Hatujafungwa, Mwalimu, tumeuzwa!" Hukukasirika. Uliandika maneno hayo ubaoni, na chini yake ukaandika: Ujerumani, Novemba 1918.

Kisha ukaniambia mimi nisimame, maana ulijua nina tabia ya kuandika kila kitu. Nikasoma jinsi kila bao lilivyoingia. La kwanza, beki alijikwaa. La pili na la tatu, viungo walikuwa wamelala. La nne, penalti, na mtu aliyeisababisha alikuwa anapiga kelele kuliko wote darasani. Makoye alikuwa ameokoa mipira sita. "Kumbe mmefungwa," ukasema, ukaendelea na somo.

Ulitueleza kwamba majenerali wenyewe ndio walioona vita imewashinda wakaomba isimame, kisha wakawaachia raia kwenda kuweka sahihi. Askari walirudi nyumbani kwa gwaride, na watu ambao hawakuwa wameona adui akiingia mjini mwao wakaambiwa jeshi halikushindwa, limesalitiwa. Hata jemadari wao wa huku kwetu, aliyeweka silaha chini wakati Ulaya wameshanyamaza, walimpokea kama mtu asiyeshindwa. Hapo ukasema, "Na babu yangu aliyebeba mizigo yake hakupokewa na mtu." Halafu ukafuta ubao taratibu kuliko kawaida.

Wiki iliyofuata ulifundisha njaa, ukosefu wa kazi, mkataba waliouona ni aibu, na yule mtu aliyewaambia wasaliti ni nani: Wayahudi, wasoshalisti, kila asiyependwa. Ulipofika mwaka 1933, bunge lilipoipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge, ukasema, "Walipiga kura ya kutopiga kura tena." Tulicheka sana. Nyamizi akasema, "Wajinga hao, Mwalimu!" Ukamjibu, "Cheka polepole, mama, usije ukapaliwa."

Nina sababu ya kuyarudia haya. Nimekuwa nikizunguka. Sasa nakueleza.

Kwaya yetu ya kanisani tulikwenda kwenye mashindano Nyakato bila wewe. Miaka mitatu mfululizo kombe lilikuwa letu. Safari hii tumekuwa wa pili kutoka mwisho. Wimbo wa pili tuliuanza juu mno, soprano wakakwama, na nyuma hapakuwa na besi yako ya kuwashika. Kwaya nyingine wakatutania getini: "Besi yenu mmeisahau Majita?" Nilicheka nao, kisha nikageukia ukutani. Mahali pako kwenye benchi bado hakuna anayepakalia. Bega langu la kushoto limezoea kupigwapigwa na kitabu chako cha nyimbo kila nilipowahi mdundo.

Jumamosi iliyofuata, Fidelis mpiga kinanda alisimama. "Ndugu zangu," akasema, "sisi hatukushindwa. Tumehujumiwa humu humu ndani." Nilijua nimeyasikia wapi maneno hayo. Akaomba kwamba kwa mwaka mmoja tusiwe na vikao wala kura, yeye aamue nani aimbe na nani apumzike. Watu walikuwa wamechoka na vikao, na walikuwa na aibu ya Nyakato. Mikono ikanyooshwa. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, nikanyoosha na wa kwangu.

Kisha akasema, "Katibu, lete daftari la mahudhurio."

Unalijua daftari langu. Mistari kwa rula, vema kwa wino wa bluu, kosa kwa wino mwekundu. Kwenye jina la mkeo palikuwa na alama tatu nyekundu mfululizo. Fidelis akaliinua watu wote waone. "Mnaona? Mazoezi matatu kabla ya mashindano!" Siku hiyo Mama hakuwepo kujitetea. Akaondolewa.

Alama zile niliziweka mimi, na sababu niliijua. Imo kwenye shajara yangu, Jumamosi zote tatu: "Mama yuko Majita, wanajengea kaburi la Mwalimu." Niliandika hivyo kwa mkono huu huu, jioni, nyumbani. Kwenye daftari la kwaya hakuna nafasi ya sababu, basi sikuandika. Na nilipoulizwa kwa macho na alto wawili, nilifunga kalamu yangu nikatazama chini.

Nilitumwa mimi kwenda Igogo kuchukua sare yake. Alikuwa ameshaipiga pasi. Akasema, "Sawa, mwanangu. Andika kwamba nimerudisha." Na mimi, Mwalimu, nikaandika.

Wiki mbili sikulala vizuri. Jana Fidelis aliniambia nisome kanuni mpya ili wanakwaya watie sahihi. Nilizinakili mimi, kwa mwandiko mzuri. Nikasimama, nikaziweka mezani, nikatoa shajara. Nikasoma zile Jumamosi tatu. Fidelis akasema, "Katibu, hayo ni mambo yako binafsi, kaa chini." Sikukaa. Nikasoma na siku ya Nyakato: wimbo ulianza juu, na aliyetoa sauti ya kuanzia ni mpiga kinanda. Alto mmoja akasema, "Kha! Kumbe Mama alikuwa kwenye kaburi la mumewe?" Makelele yakaanza. Hakuna aliyetia sahihi. Kikao kimeitishwa Jumamosi ijayo, na kura ipo. Fidelis aliondoka bila kufunika kinanda. Leo asubuhi nimempigia simu, hakupokea. Nitampigia tena, yeye pia aliaibika Nyakato, na sisi sote tulimnyooshea mikono.

Kutoka kanisani nilikwenda kwa Mama kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Akauliza swali moja: "Siku ile ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Akapepeta mara mbili, akatua ungo. "Wao sikuwahesabu," akasema. "Wewe nilikuhesabu." Hakunifukuza, wala hakuniambia nisijali. Tulikaa. Baadaye akasema Jumamosi atakuja, lakini atakaa benchi la wageni asikilize kwanza.

Ndiyo hali tuliyo nayo. Nilitaka nikuletee habari iliyokwisha vizuri, lakini ungejua nimeipamba.

Nakuahidi hili. Jumamosi nitampigia Mama kura ya kurudi, mbele ya macho yake, na nitasema kwa sauti mbele ya wote kwamba alama zile ni zangu. Akiimba, nitashukuru. Asipoimba, nitaendelea kwenda Igogo kila Jumapili, nikae pale kibarazani mpaka aone vema kuniambia lolote.

Lala salama, Mwalimu. Mama yuko mzima. Kunyamaza kwake kunaniumiza, lakini ni mzima.

Mwanafunzi wako,
Kulwa