Mfuko Chini ya Kitenge

Jumamosi, 2006

Nilijua tu Baba Fadhili ataniona. Duka lake linatazama mlango wangu.

Neema, binti yangu, ndiye aliyenivuta hadi supamaketi mpya mjini. Nikapiga hodi mlangoni, nikasubiri kukaribishwa. Mlinzi akacheka. Ndani kila kitu kimeshafungwa kwenye pakiti, hakuna hata wa kumwomba nyongeza.

Kurudi Magomeni nikaficha mfuko wao chini ya kitenge, nikakaza mwendo.

"Hongera, Mama Neema," Baba Fadhili akaita kutoka dirishani kwake. "Mwezi wa ngapi?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka basi. Kwa aibu nikanunua kikombe cha dagaa, na dagaa ninao tele.

Lakini naogopa. Tukihamia wote kule, huyu atafunga. Homa ya Neema ilipopanda usiku ule, nani aliamka akatupatia dawa? Nilitaka kumwambia hivyo, nikamnyooshea hela ya dagaa tu.

Akaongeza dagaa kiganja kizima kama kawaida yake, halafu akaweka pipi juu.

"Hii nyongeza ya huyo wa tumboni."

Neema ameiomba. Nimemwambia aiache, ni ya mdogo wake.