Chupa ya dawa ya jicho imejaa

Filo uko wapi? Naandika kwa jicho moja, usinicheke.

Lile jani la muhindi lililonichana jicho shambani kule Mgeta, daktari anasema limeniachia fangasi kwenye kioo cha jicho. Fangasi. Kama za miguuni.

Kwanza kanifokea kwa yale maziwa. Si unamjua Mama Mkubwa, kila jicho jekundu dawa yake maziwa ya mzazi, basi akawa anamleta Nasra jirani, anayenyonyesha, ananikamulia jichoni. Daktari kasema marufuku, kioo kikitoboka jicho sina.

Akanipa dawa ya matone, niweke kila saa. Natikisa chupa kama alivyonielekeza, nadondosha, nyeupe pee. Kama maziwa.

Mama Mkubwa kaitazama. "Si nilikwambia?" Akatoka nje kuwatangazia majirani kwamba daktari kakubali.

Sasa sikia. Mchana dawa ilikuwa nusu. Nimetoka kuoga, nashika chupa, imejaa.

Imejaa, Filo.

"Mama, mbona hii dawa imejaa?"

"Nimekuongezea, mwanangu. Nasra yupo hapo, uhangaike na dawa za kuisha kwa nini?"

Kasema huku anachambua mchicha.

Sijaweka hata tone. Ila nimepiga simu maduka ya dawa yote ya hapa mjini, hawana. Wewe uko Dar, nitafutie leo hii, upakie basi la kwanza.

Daktari alisema wagonjwa wake wengi wanapoteza jicho kwa kupunguza dozi. Sasa mimi namwambiaje kwamba yangu imeongezwa?