Njugu za Sikukuu ya Jamhuri

Jumanne, 9 Desemba 1986
Kwetu leo ni Uhuru. Tabora watu wako uwanjani na nguo mpya. Mimi niko kibandani Kibuye nachomelea waya, redio nne zinaningoja. Hapa Kisumu hakuna anayejua kama leo ni siku kubwa. Nimejipongeza mwenyewe: chai ya pili, mandazi matatu. Nimekaa Kampala, Bujumbura, Mombasa, na kote nilipata rafiki siku ya kwanza. Fundi redio kama mimi ziwa hili lote hakuna. Darasa la sita tu, lakini redio haiulizi cheti.

Jumatano, 10 Desemba
Atieno kaja na chakula. Anasema Jumamosi ya tarehe ishirini niende kwao Kisian na wazee wangu, tumalize maneno ya ndoa. Wazee wangu wako Tabora. Nitakwenda na Mzee Juma mwenye nyumba wangu, ana ulimi wa asali. Atieno kanikumbusha mila yao. Mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawali pamoja. Hawakai karibu. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao, mama yake alibaki jikoni. Nilimwona kisigino tu.
"Ukiharibu hiyo, Baba atakurudisha Tanzania kwa miguu."
Nimecheka. Mimi adabu nilizaliwa nayo.

Alhamisi, 11 Desemba
Ouma, kaka yake Atieno, anataka twende mpira kesho. Timu ya hapa na wageni wa Nairobi. Sikukuu ni ya kwao, lakini mpira ni wa wote. Nimepiga pasi suruali ya kaki.

Ijumaa, 12 Desemba. Jamhuri
Nimekwisha.
Uwanja ulijaa, watu mpaka juu ya ukuta. Ouma alinikalisha, akaenda kutafuta soda. Foleni ya sikukuu, hakurudi upesi. Kushoto kwangu mama mmoja mnene, leso ya kijani kichwani, filimbi mdomoni. Akaniuliza mimi ni wa timu gani. Nikamwambia, timu ya mama. Alicheka, filimbi ikamwanguka. Nilikuwa na njugu, tukala kutoka karatasi moja. Refa tulimtukana kwa zamu.
"Huyu macho ameacha nyumbani," nikasema.
"Nyumbani wapi, Bwana. Ameuza huko Nairobi."
Nilimpenda papo hapo. Mtu wa aina yangu kabisa.
Kabla ya mapumziko tukafunga bao. Uwanja wote ukawa ndugu. Nikamkumbatia yule mama, nikamnyanyua juu, na uzito ule. Yeye ananipiga mgongoni, ananiita mtoto mzuri.
Ouma akatokea na soda mbili. Akasimama kama mlingoti.
"Mama? Si ulisema unaenda mkutano ya kanisa?"
Halafu akanigeukia mimi, sauti ya chini.
"Shemeji, weka yeye chini. Huyo ni Mama yetu."
Nilimshusha polepole, kama redio ya mtu. Alijifunika uso kwa leso, akashuka ngazi bila kutazama nyuma. Njugu zikabaki kwenye kiti. Kipindi cha pili sikuona mpira. Nasikia tulishinda.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimeunguza kidole mara mbili. Atieno hajaja.

Jumatatu, 15 Desemba
Ouma kapita. Nikamuuliza Mama kasema nini.
"Hajasema kitu. Mama akinyamaza, shemeji, afadhali akuchape."
Mteja mmoja alinitania kuhusu Tabora, nikampa redio ya mtu mwingine. Naogopa. Nampenda Atieno mpaka utani umenikauka.

Alhamisi, 18 Desemba
Atieno kaja, hakukaa. Ouma kamwambia yote. Baba hajui bado. Siku ya wazee Baba huwa anamuuliza Mama kama ana neno juu ya mkwe. Akisema analo, imekwisha, hata Mzee Juma alete asali ya mizinga kumi. Sikujua macho yake yalikuwa ya kilio au ya kicheko. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi, 20 Desemba
Kisian. Suruali ileile. Mzee Juma kasema vizuri hadi nikatamani kujioa mwenyewe. Wazee wakatikisa vichwa. Halafu Baba akaita kuelekea jikoni.
"Mama Ouma, uko na neno juu ya huyu kijana?"
 Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Jasho mpaka kwenye soksi.
Sauti ya uwanjani ikatoka nyuma ya ukuta, sasa imekuwa ya kanisani.
"Sina neno. Huyo kijana iko na heshima."
Ouma alikohoa sana. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu, 22 Desemba
Mvua kidogo. Wateja wachache. Atieno kaleta redio ya Mama, imefungwa kwa leso ya kijani. Katikati, karatasi ya njugu. Mama anasema iwe tayari kabla ya Krismasi, siku ya pili yake kuna mechi. Uwanjani hataenda tena. Na mimi nisiende, nisikilize hapa kwangu.
Betri zilikuwa zimevuja. Nimesugua kutu, nimebadilisha waya mmoja. Sasa inasema wazi.
Njugu nimekula nusu. Nusu nimeweka, za mechi. Yeye Kisian, mimi Kibuye, na refa ni mmoja.